Baba Mwamini Wawili na Njia Muzima ya Fishie

Mwamini, mutoto wangu, mama yangu,

Salamu siziandike. Tulisalimiana jioni tukikula, na kesho asubui tutasalimiana tena kama Selemani analeta pikipiki yake kwa saa. Hii karatasi nitaitia ndani ya mufuko wako, chini ya nguo. Utaisoma ukisha kufika Kabambare. Usiisome njiani. Njiani ushikilie pikipiki.

Mambo ya kupika, ya kufua, ya kufunga mulango, shangazi yako amesema yote. Amesema mupaka ukaanza kucheka na yeye akakasirika. Mimi sirudilie. Mimi naandika yenye nashindwaka kusema kwa kinywa. Unanijua. Nikitaka kusema kitu cha maana naanza kukohoa, kisha nasema naenda kuangalia mbuzi. Na mbuzi tuliziuzisha zamani.

Andiko langu ni mubaya. Nilisoma mupaka mwaka wa ine wa shule ya primere, kisha baba yangu akanirudisha ku shamba ya mupunga. Usome polepole, utaelewa.

Niko na woga. Nianze na pale. Shangazi yako anazani nimekasirika tangu wiki ilianza, anauliza watu nani amenikosea. Hakuna mutu amenikosea. Ni woga. Uso wangu njo unakuwaka vile nikiogopa.

Njia ya Kabambare naijua. Matope yake najua, miti ya kuvukia mito najua, na watu wa bunduki wenye wanasimamaka fasi wanataka. Ile woga ni ya kila muzazi wa hapa, tunaibeba wote. Yangu iko na nyongeza. Naogopa kitu kikupate kule, ao kinipate mimi hapa, na habari ipotee katikati. Ao ifike kwa mutu mwingine. Ile njo inaninyima usingizi, juu ilisha kutupata. Wewe unajua kipande. Hujue yote.

Mama yako alipokufa nilikuwa Salamabila, ku machimbo ya dhahabu. Ile unaijua. Sikurudi ku matanga. Sikurudi ku arobaini. Nilifika wakati watu walisha kurudisha viti vya majirani, na wewe ulikuwa umekaa ku mulango, hukusimama kunipokea. Nilikuambia njia ilikuwa mubaya. Nikaomba maji. Ulizani nilichagula dhahabu. Hukusema, lakini niliona namna ulinipa maji. Uliweka kikombe chini, hukukitia ku mukono wangu.

Sasa sikiliza vile ilikuwa.

Kule machimboni hakuna mutu anaitwa jina lake la karatasi. Ukifika wanakuuliza mutoto wako wa kwanza ni nani, basi, jina lako limeisha pale. Mimi nilikuwa Baba Mwamini. Nilikuwa nabeba mifuko ya muchanga kutoka ku shimo mupaka ku maji, kwenye wanaosha. Na ku shimo ya pili kulikuwa Baba Mwamini mwingine, Mubangubangu mumoja wa upande wa Kabambare, murefu, mwembamba, mutu wa kuchekesha sana. Alinipenda juu ya ile jina. Akiniona anasema, "Wewe umeniibia mutoto." Mimi namujibu, "Basi njoo umubebe, anakula mingi." Tulikuwa tunacheka vile kila siku. Hatukuona hatari ndani yake.

Mama yako alikufa asubui, wakamuzika mbele ya mangaribi. Shangazi yako akatafuta motari, dereva wa pikipiki, mwenye anaenda Salamabila, akamwambia, umwambie Baba Mwamini bibi yake amefariki. Yeye hakukosa. Kwa yeye Baba Mwamini ni mumoja tu duniani, ni kaka yake. Ule motari hakufika mwisho. Pikipiki yake iliharibika njiani, akapa habari motari mwingine. Ule wa pili akafika machimboni, akauliza mama wa kuuzisha chai: Baba Mwamini iko wapi? Mama wa chai akageuza kichwa. Ule mwembamba alikuwa amekaa pale pale, na andazi ku mukono. Mama akasema, "Si njo ule pale?"

Alianguka chini, Mwamini. Mutu murefu vile. Tukakimbia wote. Mimi njo nilimuinua. Nilimushika ku mabega, nikamwambia, "Pole ndugu yangu, ni kazi ya Mungu." Tukachangisha kitu cha safari, na mimi nikatia. Nikamusindikiza mupaka ku pikipiki. Kisha nikarudi kubeba mifuko. Jioni nilikula vizuri. Nikaomba mbele ya kulala, nikaombea bibi ya ule mwanaume apumuzike. Nilikuwa naombea mama yako na sikujua.

Yeye akasafiri analia njia yote. Alipofika kwake, bibi yake alikuwa anatwanga mihogo. Bibi akaacha mutwango, akamuangalia, akamuuliza, "Nani amekufa?"

Akamujibu, "Wewe."

Yeye mwenyewe alinielezea vile, na alipokuwa anaeleza alitaka kucheka, akashindwa. Bibi akamukalisha chini, akamupa maji ya kunawa uso. Walipotulia njo akawaza: kama si bibi yangu, ni bibi ya nani? Alijua Baba Mwamini mumoja tu mwingine. Ule mutu aliweza kubaki kwake. Alikuwa na bibi yake muzima mbele ya macho. Lakini akarudi. Njia ikafungwa juu ya watu wa bunduki, akangoja ku kijiji kimoja, kisha mvua ikaongeza yake. Siku alifika kwangu nilikuwa natua mufuko kutoka ku bega. Hakunisalimia. Akasema, "Ndugu, ile matanga ilikuwa yako."

Arobaini ya mama yako ilikuwa imepita.

Mbele ya kurudi hapa nilimutafuta ule motari wa pili. Nilitaka kumupiga, sikufichi. Nilimukuta anafunga muzigo wa sabuni ku pikipiki yake. Nikamwambia umefanya nini. Hakubisha. Akasema, "Papa, walinipa jina, nikaleta jina." Mukono wangu ukashuka wenyewe. Alisema kweli. Hakuna mutu alimupa kitu kingine cha kuleta.

Sikukuambia hii yote juu shangazi yako angejua kama habari yake ilienda kwa mutu mwingine. Yeye njo alimuosha mama yako kwa mikono yake. Sikutaka abebe na ile. Hata wewe usimwambie. Na makosa haikuwa yake. Ilikuwa yangu. Miezi yote ile nilikuwa natuma salamu, nasema: niko Salamabila, niko muzima. Basi. Salamabila ni kubwa, shimo ni mingi, watu wanahama leo huku kesho kule. Sikusema ni shimo gani, nalala kwa nani, nani ni chefu wetu, mukubwa wa kazi. Nilizani inatosha.

Mama yako hakukuwa vile. Akikutuma chumvi kwa jirani, anakueleza njia kama unaenda Kindu. Pitia ku muti wa ndimu, usigeuke kwa fundi cherehani, pita ku kisima, nyumba yenye mulango wa rangi ya majani, uite mara mbili juu mwenye nyumba hasikie vizuri. Na nyumba yenyewe tunaiona hapa tukisimama. Nilikuwa namucheka. Alikuwa ananijibu, "Cheka, Baba Mwamini, lakini mutoto wangu hapotee." Namukumbuka na ile kuliko mambo ingine.

Sasa nije ku habari ya Papa Juma. Najua inakuuma. Unasafiri nayo. Tangu ile Ijumaa unapita ku soko macho chini. Patron Musafiri, mwenye ile sekretaria, nyumba ya kuandikisha karatasi kwenye unafanya kazi, anakutuma ku ya mudogo wake Kabambare, na wewe unazani anakufukuza na adabu. Labda ni vile. Sijue. Lakini mudogo wake anakungoja na ordinatere yake mupya, ile kompyuta, na kazi ni kazi.

Mimi nilikuwepo, usisahau. Nilikuwa napanga matofali ya ukuta wa patron, nyuma ya sekretaria. Niliwasikia wale vijana wakiingia. Mukubwa wao hakupandisha sauti, na ile njo iliniogopesha. Akatia karatasi yako ku meza, akauliza, "Baba yetu anakufa mara ngapi kwenu?"

Nimewaza ile siku sana, nikaona vile ilitokea. Papa Juma walikuwa wawili. Mumoja fundi wa baiskeli, baba ya wale vijana. Alikufa mwaka jana, ukaandika karatasi ya kuitia watu ku arobaini yake, ikabaki ndani ya ordinatere. Wa pili muuzishaji wa mafuta ya ngazi, yale ya mawese, huyu alikufa juzi. Yake pia ukaandika. Na fishie zote mbili, ni kusema karatasi za ndani ya ordinatere, ukaziita Arobaini Papa Juma. Siku ya kutoa karatasi ku mashini watu walijaa, esanse, mafuta ya jeneratere, ilikuwa inaisha, mupwa wa marehemu amesimama ku kichwa chako anasema fanya haraka dada. Ukatafuta kwa jina. Ya kwanza yenye ilitokea, ukafungua, mashini ikaitoa. Mupwa akabeba bila kusoma. Kwa yeye pia Papa Juma ni mumoja. Wakagawanya. Ijumaa ku musikiti ikasomwa arobaini ya fundi baiskeli, na fasi yake, na jina za watoto wake, mutu mwenye alizikwa mwaka muzima umepita.

Tukaenda kwa Mama Juma, bibi ya ule fundi, wewe na mimi, na mupunga na kuku. Nilizani atatufukuza mbele ya majirani. Akatukalisha ku mukeka. Akasema, "Nilisha kuanza kupepeta mupunga. Nikajiambia, wewe Mama Juma, umesahau arobaini ya bwana wako? Nikaona akili imeisha." Kisha akakuuliza kama umekula. Ile ilikuuma kuliko matusi, niliona. Ulilia njia yote ya kurudi. Mimi nilitembea mbele yako na sikugeuka. Ulizani nina haya juu yako. Nilikuwa na machozi yangu, na sikutaka kueleza ni ya nini.

Kesho yake nikaingia ndani ya sekretaria. Ilikuwa mara ya kwanza. Siku zote nilikuwa napita nje na matofali. Nilitaka kuona ile kitu yenye ilikukosesha. Ukasema, "Baba, nawa mikono kwanza." Nikanawa. "Baba, usiguse ekra." Nikasema sigusi. Nikagusa kile kioo. Ukapanguza na kitenge chako.

Ukanionyesha fishie mbili, jina moja, herufi kwa herufi. Nikakuuliza utazitofautisha namna gani. Ukasema patron amekuonyesha, na kuanzia sasa hakuna karatasi inatoka bila kufanya vile. Ukatia mushale juu ya fishie ya kwanza. Ukafinya kidude cha Maj, cha herufi kubwa, ku ubao wa klaviye, hukukiachilia, na mukono mwingine ukafinya suri, kale kapanya, upande wa kuume. Maneno ya Kifaransa ikashuka, mustari chini ya mustari. Ukachagula penye waliandika kukopie njia, ni kusema kuinakili. Nikangoja. Hakuna kitu kilitokea. Nikakuambia, "Imekatala." Ukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza unacheka tangu ile Ijumaa. Ukafungua ukurasa mweupe, ukakole, ni kusema ukabandika, na mustari ukatokea.

Nikausoma na kidole, mbali na ekra. D. Nukta mbili. Kafimbo kenye kulala nyuma. Matanga. Kafimbo. Mwaka jana. Kafimbo. Fundi baiskeli. Kafimbo. Arobaini Papa Juma. Ukaniambia kila kafimbo ni mulango, unatoka ndani ya dosie moja, kama kasha ya karatasi, unaingia ndani ya ingine, mupaka unafika ku fishie.

Ukafanya vile vile ku ya pili. Ile ikaanza na C, ikapita ku maneno ya Kizungu yenye sijue, ikapita ku jina la sekretaria, ikamalizika na Arobaini Papa Juma. Mwisho ni moja. Katikati haifanane hata kidogo. Kama ungesoma katikati ile siku, Mama Juma angelala vizuri.

Nilikuuliza maswali ya mujinga, ukanijibu bila kuchoka. Nilisema, "Sasa karatasi ya Papa Juma iko hapa, ndani ya huu ukurasa?"

"Hapana Baba. Yenyewe iko kwake. Hapa ni njia yake tu."

"Kwa hiyo umenipa njia na hukunipa mutu."

"Ndiyo. Lakini na hii njia unamufikia."

Ukabeba ule mustari, ukautia juu kabisa ya dirisha ya ekra, ukafinya. Karatasi ya muuzisha mafuta ikafunguka palepale. Haikutafuta. Haikuuliza mutu njiani. Nikakuambia urudilie. Ukarudilia. Patron akapita akasema, "Papa Ramazani, unataka kazi?" Nikamwambia ukuta wake haujaisha, aache kunichekesha.

Kisha nikakuuliza ile swali. Na kama mutu anahamisha ile karatasi, anaitia ndani ya dosie ingine?

"Njia haifanye kazi tena, Baba. Ordinatere itasema haione kitu."

"Hata kama anaihamisha ku dosie ya pembeni tu?"

"Hata vile. Hata ukibadilisha jina la dosie moja ya katikati, na fishie yenyewe haijatikisika. Lazima ukopie njia upya."

Nikatoka nje. Ulizani nimechoka na mambo yako. Nilikuwa nimekaa nyuma ya ule ukuta. Nilikuwa nawaza kama mama yako alikuwa na mutu wa kumukopia njia yangu, habari ingefika? Nilihama mara ngapi kule, kutoka ku shimo moja mupaka ingine, na sikumwambia mutu wa kwangu. Hata kama wangejua kila kitu ya siku nilifika, wangeenda ku fasi haina mutu. Ile njo nilielewa pale. Sikuelewa miaka yote, nikaielewa siku ile juu ya jibu lako.

Kabambare watakuletea matanga, ndoa, barua za kuomba kazi, vyeti vya atestasio. Akina Papa Juma na Mama Zaina wako kila fasi, juu watu wetu wanapenda jina zile zile. Mbele ya kutoa karatasi, ukopie njia, uikole, umusomee mwenye karatasi kwa sauti. Akikubali, toa. Watasema unachelewesha. Hapa mumoja alisema mutoto wa mupiga matofali anasoma fishie kama anafungisha ndoa. Wewe ulitaka kulia. Mimi nilikuwa dirishani, nilitaka kumupa mukono, juu njo namna ya kusoma.

Na ukikosea tena, juu labda utakosea, uende ku nyumba ya mutu mwenyewe siku ile ile. Kama tulienda kwa Mama Juma. Mimi sitakuwa pale kwenda na wewe. Ile inaniuma, nakuambia wazi. Nakuona unaenda peke yako na kuku chini ya mukono ku muji wenye hujue watu.

Sasa yenye nakuomba wewe. Ukifika usinitumie nimefika salama. Watu wote wanaandika vile, hata wenye hawako salama. Wewe andika hivi: Kabambare, kisha kartie, ni kusema mutaa, kisha kwa nani, kisha nyuma ya nini, kisha mulango gani. Utie na jirani mumoja mwenye si wa familia ya patron, juu siku ingine patron njo atakuwa shida yenyewe. Utie jina lako lote, Mwamini Ramazani, mutoto wa marehemu Faida. Rezo, mutandao wa telefone, ikikubali, piga. Lakini rezo unaijua. Karatasi umupe Selemani ku mukono, yeye mwenyewe, na umwambie asipe mutu mwingine. Kama pikipiki inakufa njiani, akae na karatasi yake.

Na ukihama, uandike mbele ya kubeba godoro. Si kisha. Hata kama ni nyumba ya pembeni. Hata kama ni ya wiki moja juu nyumba inavuja. Sisemi mutu ni fishie. Fishie haitembee yenyewe, haigonjwe, haiolewe. Utatembea, ni haki yako. Sitaki kukufunga. Nataka tu siku nikitoka hapa kukutafuta, nifike kwako, si kwa Mwamini mwingine.

Kuna kitu kingine. Sikukuambia.

Chefu mumoja wa Salamabila alikuja kunitafuta mwezi huu. Mvua ikianza matofali inasimama, unajua njaa ya ile wakati. Nilikubali. Tulipanga hivi: wewe unaenda Kabambare, na siku ya kufuata mimi namufuata chefu Salamabila, nyumba tunaifunga, ufunguo kwa shangazi. Nilijiambia sitakusumbua na ile, nitatuma habari nikisha kufika. Ona vile niko. Bibi yangu alizikwa bila mimi kumuona, na nilikuwa najitayarisha kufanya vile vile na mutoto.

Leo muchana, ulipokuwa unafunga mizigo, uliniuliza barua zako utaandika juu yake jina la nani, langu ao la shangazi. Nikasema langu. Ukaniangalia. Ukauliza, "Utakuwa hapa?" Wewe hukujua kitu, uliuliza tu. Nikavaa viatu, nikatoka.

Nilimukuta chefu ku soko, anapakiza mifuko ya mupunga na chumvi ya kupeleka kule. Nikamwambia siende. Akasema, "Shimo limeanza kukuogopesha, Baba Mwamini?" Nikamwambia ndiyo. Wenye walikuwa pale wakacheka. Nikamwambia, "Na jina langu ni Ramazani." Akaniangalia kama mutu wa homa. Akaita mwanaume mwingine palepale, akamutia ku fasi yangu, ule akapanda juu ya mifuko na furaha. Niliwaangalia mupaka walienda. Nilikuwa na woga ule ule, lakini sikuwafuata.

Mvua ikija nitabeba mizigo ku soko. Nitakula yenye itapatikana. Shangazi yako atapiga makelele, nitamusikiliza. Lakini nitalala hapa kila siku, mupaka barua yako ifike, na kisha pia.

Hapa unaandika hivi: Kasongo, nyuma ya musikiti mudogo, parsele, ni kusema kiwanja, yenye mipapai miwili, nyumba ya matofali ya kuchoma upande mumoja na ya udongo upande mwingine, mulango wa nyuma, juu wa mbele unakwama. Ramazani mupiga matofali. Selemani akikuta mulango umefungwa, nimeenda kuoga ku mutoni. Asiache karatasi kwa jirani. Akae chini angoje. Narudi.

Baba yako